Uzi: Chai ya kalata-kalata kutoka Kasai, na pete ya peptidi iliyowachukua wanakemia miongo mitatu kuitengeneza

Mwanapeptidi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa mitishamba wa wiki iliyopita, mchangiaji mmoja aliandika kwamba protini ukiichemsha imekwisha, kwa hiyo dawa ya majani ya kuchemsha haiwezi kuwa inafanya kazi kwa sababu ya protini. Kwa protini nyingi hilo ni kweli kabisa. Yai likichemka halirudi kuwa bichi. Na hata ukinywa protini isiyochemshwa, tumbo linaikatakata kabla haijafika popote. Ndiyo maana insulini inachomwa sindano, hainywewi.

Ila kuna mmea mmoja wa hapa hapa Afrika uliovunja kanuni zote mbili kwa pamoja, na nadhani kila anayesoma kemia au uuguzi Afrika Mashariki na Kati anapaswa kuujua.

Miaka ya 1960, daktari kutoka Norway aitwaye Lorents Gran alikuwa Kongo na Msalaba Mwekundu. Akiwa kwa watu wa Lulua, Kasai, aliona wanawake wenye uchungu wa kujifungua wakipewa maji ya majani yaliyochemshwa ili uchungu ukolee na mtoto atoke haraka. Dawa yenyewe iliitwa kalata-kalata. Mmea ni Oldenlandia affinis, mmea mdogo wa familia moja na kahawa. Gran aliondoka na sampuli, akaenda kutafuta kilichomo ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa matokeo: kinachokaza misuli ya mfuko wa uzazi kilikuwa peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, akakiita kalata B1. Peptidi hiyo ilichemshwa, ikanywewa, na bado ikafanya kazi.

Kwa nini? Hilo Gran hakuweza kulijibu. Jibu lilikuja mwaka 1995, pale kundi la watafiti akiwemo David Craik wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilipopata umbo lake kamili. Peptidi ile haina mwanzo wala mwisho. Ni pete.

Nitaendelea. Wenye maswali waweke.

Kambi_Popote

Naweka kambi hapa mkuu. Ila nyoosha maelezo kidogo, wengine sayansi tuliiachia kidato cha pili. Pete inazuiaje kitu kuharibika kwa moto?

Mwanapeptidi

Swali zuri mkuu, twende taratibu.

Protini yoyote ni asidi amino zilizoungwa moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Uzi wa kawaida una ncha mbili. Baadhi ya vimeng'enya vya kusaga protini huanzia kwenye ncha, vinamega shanga moja moja. Pasipo na ncha, hivyo havina pa kuanzia. Vipo vingine vinavyokata katikati, na hapo pete peke yake isingetosha.

Kalata B1 ina asidi amino 29. Sita kati yake ni sisteini, ambayo ina atomu ya salfa. Salfa za sisteini mbili zikikutana zinaungana na kufanya daraja. Sisteini sita, madaraja matatu. Ukizihesabu kwa mpangilio, ya kwanza imeungana na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Hapa ndipo uzuri ulipo: madaraja mawili ya kwanza, pamoja na vipande vya mnyororo vilivyo kati yake, yanafanya kitanzi kidogo, na daraja la tatu linapita katikati ya kitanzi hicho. Ni fundo ndani ya pete. Molekuli nzima imekazwa kiasi kwamba joto la maji yanayochemka haliifumui, na kimeng'enya cha kukata katikati hakipati mahali palipolegea pa kushika.

Mwaka 1999 Craik na wenzake waliipa familia hii jina la saiklotidi. Leo zinajulikana mamia, nyingi kutoka familia ya kahawa na familia ya urujuani.

Jambo moja lililowachelewesha watu: njia ya zamani ya kusoma mpangilio wa asidi amino, ile ya Edman, huanza na asidi amino ya kwanza kwenye ncha, inaikata, inaitambua, inahamia ya pili. Ukiipa pete haisomi chochote. Na kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, pete inakuwa pungufu kwa 18 ukilinganisha na mnyororo ulio wazi. Hiyo 18 ni molekuli moja ya maji, inayotoka pale ncha mbili zinapoungana.

Mkunga_Zamu

Samahani wanajukwaa, nami niseme neno kabla mtu hajaenda kutafuta majani.

Mimi ni mkunga, niko wodi ya wazazi mwaka wa kumi na kitu sasa. Mama anayekuja akiwa amekunywa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani ni mgonjwa tunayemwogopa. Uchungu unakuja mkali, mfululizo, haumpi nafasi ya kupumzika, njia bado haijafunguka vya kutosha. Mtoto anakosa hewa, mapigo ya moyo yanashuka. Kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji, kizazi kinaweza kupasuka. Sisi tukimwekea mama dripu ya oksitosini, homoni ya kukaza mfuko wa uzazi, tunahesabu matone, tunapima uchungu kila nusu saa, na tunaweza kuifunga dripu. Kikombe kikishanywewa hakifungwi.

Mwanzisha uzi, naomba hili uliweke juu kabisa.

Mwanapeptidi

Dada mkunga, asante sana. Nakubaliana nawe neno kwa neno, na nitaliweka juu. Wakuu, huu uzi ni wa kemia. Hakuna mahali ninaposhauri mama anywe majani haya. Gran mwenyewe alipoichoma peptidi kwenye mishipa ya wanyama aliona madhara kwenye moyo.

Umetaja oksitosini, nayo ni sehemu ya hadithi hii. Oksitosini nayo ni pete, ndogo zaidi: asidi amino tisa, sita zikiwa ndani ya pete iliyofungwa kwa daraja moja la salfa, tatu zikining'inia nje kama mkia. Ilikuwa homoni ya kwanza ya peptidi kutengenezwa maabara. Aliyeitengeneza ni Vincent du Vigneaud, Marekani, mwaka 1953, na mwaka 1955 akapata Nobeli ya Kemia. Kila ampuli unayoivunja wodini, dada, inatokana na kazi ile.

Na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba saiklotidi nyingine ya mmea huo huo wa Kasai, kalata B7, inashika kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa homoni, kile kile cha oksitosini kwenye seli za mfuko wa uzazi. Kwa hiyo wanawake wa Lulua walikuwa wamefika kwenye mlango ule ule, kwa njia yao.

Mkunga_Zamu

Hilo la 2013 sikulijua. Nami nikuongezee: oksitosini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika zahanati ya kijijini, dawa inapungua nguvu na huwezi kuona kwa macho. Unampa mama sindano ya yuniti 10 baada ya mtoto kutoka, damu haikati, hujui kama shida ni mama au ni ampuli.

Mwanapeptidi

Ndiyo sababu karbetosini, dawa nyingine ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ya aina isiyohitaji friji ilipokelewa kwa furaha mwaka 2018. Nayo ni pete, ndugu wa oksitosini, ila daraja lake limebadilishwa: salfa moja imeondolewa, ikawekwa kaboni. Mwanakemia anayejua kufunga na kubadilisha pete si mtu wa mambo ya nadharia tu. Kazi yake inafika hadi kwenye kitanda cha mama.

Mukasai_wa_Lushi

Jambo bandugu. Miye ni mutu wa Kasai, ninaishi Lubumbashi. Ninasoma hii uzi na roho inafurahi, lakini inauma pia kidogo. Jina ya daktari tunaiona, ya profesa tunaiona. Jina ya mama mwenye alimuonyesha jani hatuioni. Na ile jani, sisi wenyewe wa Kasai tuko tunaisomea kwa kitabu ya bazungu.

Mwanapeptidi

Ndugu yangu wa Lubumbashi, una haki. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kimataifa kuhusu jambo hili. Mkataba wa Bioanuwai ni wa 1992, na Itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye maarifa ya asili waombwe ridhaa na wagawiwe faida, ni ya 2010 na ilianza kutumika 2014. Majani ya Kasai yalikuwa Ulaya tangu zamani. Kwa maoni yangu, yeyote anayeandika kuhusu kalata B1 angalau aanze na wanawake wa Lulua, na vyuo vya Kongo viwe mstari wa mbele kuifanyia kazi.

Kemia_A_Level

Shikamoo mkuu. Niko kidato cha sita, PCB. Umesema iliwachukua miongo mitatu kuitengeneza. Inatengenezwaje hasa? Naomba usiruke hatua, kwenye kitabu chetu protini imeishia kwenye kuungana kwa asidi amino mbili basi.

Mwanapeptidi

Marahaba. Hapa ndipo nilipokuwa napataka. Nimefanya kazi ya kuunga peptidi kwa mikono, kwa hiyo nitakueleza kama inavyoonekana mezani.

Unaanza na resini, punje ndogo za plastiki, ndogo kuliko mchanga wa pwani. Unaziweka kwenye bomba la sindano lenye chujio chini, unamimina kiyeyushi, punje zinavimba. Asidi amino ya kwanza unaishikiza kwenye punje. Kisha unaongeza ya pili, ya tatu, kila moja ikiwa na kifuniko upande mmoja ili isijiunge yenyewe kwa yenyewe. Unaunga, unasuuza, unaondoa kifuniko, unasuuza, unaunga tena. Mnyororo hauondoki kwenye punje, kwa hiyo uchafu wote unautoa kwa kusuuza tu. Wazo hili ni la Bruce Merrifield, alilichapisha mwaka 1963, likampa Nobeli mwaka 1984. Kabla yake kila hatua ilitaka usafishaji wake.

Sasa piga hesabu. Asidi amino 29 zinataka miungo 28. Kila muungo ukifanikiwa kwa asilimia 99, mwishoni una takriban asilimia 75 ya minyororo iliyo kamili. Ukifanikiwa kwa asilimia 95, unabaki na asilimia 24 hivi, iliyobaki ni minyororo yenye mapengo. Ndiyo maana baada ya kila muungo unachota punje chache, unaziweka kwenye kibomba cha kioo na matone ya ninhidrini, kemikali ya kupima kwa rangi, unapasha moto. Punje zikigeuka bluu, kuna ncha ambazo hazijaungwa, unarudia. Zikibaki za njano hafifu, unasonga mbele. Ila kuna mtego: ukiwa umefika kwenye prolini, mojawapo ya asidi amino, kipimo hiki hakitoi bluu ya wazi hata kama muungo umeshindwa, kwa sababu naitrojeni ya prolini imefungwa ndani ya pete yake yenyewe. Kalata B1 ina prolini tatu. Hapo unatumia kipimo kingine, cha kloranili.

Sawa, una mnyororo. Unaufungaje uwe pete?

Pete haina mwanzo, kwa hiyo wewe ndiye unayechagua pa kuikatia kwenye karatasi. Wanakemia huchagua kuanzia kwenye sisteini, na kumalizia na glaisini, asidi amino inayoitangulia hiyo sisteini kwenye pete, kwa sababu glaisini ni ndogo na haileti msongamano. Mwisho wa mnyororo, yaani kwenye hiyo glaisini, unaweka thioesta, kikundi chenye salfa kinachoachia kwa urahisi. Ukiuweka mnyororo huo kwenye maji yenye pH ya karibu na 7, salfa ya sisteini ya mwanzo inaishambulia thioesta ya mwisho, ncha mbili zinashikana kupitia salfa, kisha muungo unajihamisha wenyewe kutoka kwenye salfa kwenda kwenye naitrojeni. Unapata muungo wa kawaida wa protini, na hakuna alama yoyote ya mahali ulipofunga. Mmenyuko huu ulichapishwa na kundi la Stephen Kent mwaka 1994 kwa ajili ya kuunganisha vipande viwili vya protini. Wengine wakaona kwamba ukiweka ncha zote mbili kwenye kipande kimoja, utapata pete.

James Tam na mwenzake walitengeneza pete za aina hii miaka ya 1997 na 1998. Mwaka 1999 Norelle Daly, Craik na wenzao wakachapisha utengenezaji wa kalata B1 yenyewe.

Angalizo la usalama: kwa njia ya wakati ule, kuitoa peptidi kwenye resini kulitaka asidi ya hidrofloriki. Hiyo inakula kioo, na ikigusa ngozi inapenya hadi kwenye mfupa. Vifaa vyake ni vya plastiki maalumu na haifanyiwi kazi na mtu aliye peke yake. Siku hizi kuna njia zinazoikwepa.

Kemia_A_Level

Asante sana mkuu. Lakini bado madaraja matatu. Nimejaribu kuhesabu, sisteini sita zinaweza kujigawa jozi tatu kwa njia 15. Ya kwanza ina wenzake watano wa kuchagua, inayofuata watatu, kisha moja. 5 × 3 × 1. Mnajuaje itachagua iliyo sahihi?

Mwanapeptidi

Hesabu yako ni sahihi kabisa, na swali lako ndilo lililowasumbua.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaweka vifuniko tofauti kwenye kila jozi na kuvifungua kwa zamu, wewe ndiye unayeamua. Ni kazi ndefu na hasara ni kubwa. Ya pili, unaiacha molekuli ijitafutie. Unaweka glutathioni, peptidi ndogo yenye salfa, ambayo inafanya madaraja yafunguke na kufunga tena na tena, hadi molekuli ifike kwenye umbo lenye utulivu kuliko mengine.

Kwa kalata B1 kulikuwa na kikwazo. Sehemu zake zinazochukia maji ziko nje, tofauti na protini nyingi ambazo huzificha ndani. Kwenye maji matupu umbo sahihi halipendelewi. Dawa ilikuwa kuweka isopropanoli nusu kwa nusu na maji yenye bafa (kemikali inayozuia pH isibadilike) ya pH 8.5. Isopropanoli inazituliza zile sehemu za nje, na fundo linajifunga. Isopropanoli ni mojawapo ya spiriti zinazotumiwa kusafishia ngozi kabla ya sindano. Mimi hili bado linanishangaza: kati ya njia 15, molekuli inachagua moja, ukiiwekea tu mazingira yanayoifaa.

Mkulima_Singida

Wakuu mimi ni mkulima, nimefuatilia kimya. Swali langu: huo mmea unajitengenezea hii pete ya nini? Haujui kuzaa watoto.

Mwanapeptidi

Mzee wangu, umeuliza la msingi. Ni silaha dhidi ya wadudu. Mwaka 2001 watafiti waliwalisha viwavi wa Helicoverpa, jamaa wa funza wa vitumba anayesumbua pamba, chakula chenye kalata B1. Viwavi walidumaa. Baadaye ikaonekana kwamba peptidi inatoboa utando wa seli za utumbo wao. Kule Australia kuna kiuatilifu kiitwacho Sero-X kinachotokana na Clitoria ternatea, mmea unaotambaa wenye maua ya bluu, ambao hata pwani yetu unakua.

Mmea huo huo wa maua ya bluu mwaka 2014 uliwapa watafiti wa Singapore kimeng'enya kinachoitwa butelase 1. Mimea hutengeneza mnyororo mrefu kwanza, kisha kimeng'enya cha aina hii kinakata mahali maalumu na papo hapo kinaunga ncha mbili. Kazi niliyoieleza hapo juu, yenye thioesta na sumu zake, kimeng'enya kinaifanya ndani ya maji, tena kwa dakika chache. Baadhi ya maabara sasa zinaunga mnyororo kwenye resini halafu zinakiachia kimeng'enya kufunga.

Na kwa kuwa uko Singida: ndani ya mbegu za alizeti kuna pete ya namna hii, ndogo, asidi amino 14 na daraja moja la salfa. Ilichapishwa 1999. Inazuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini tumboni.

Kambi_Popote

Mkuu, nimesoma mahali kwamba kuna pete kama hizi zinazozuia VVU, tena zimetoka kwenye mti wa huku kwetu. Mbona hatujaona dawa?

Mwanapeptidi

Unazungumzia sakulini A na B, kutoka Chassalia parvifolia, mti wa familia ya kahawa unaomea kwenye misitu ya Afrika Mashariki. Taasisi ya Saratani ya Marekani ilizichapisha 1994. Ni kweli zinazuia virusi kwenye chupa za maabara. Tatizo ni kwamba kipimo kinachozuia virusi kiko karibu mno na kipimo kinachoua seli za mtu. Zinatoboa utando, na utando wa seli yako nao ni utando. Hakuna aliyeificha dawa, mkuu. Anayetumia ARV aendelee nazo bila kuruka hata siku moja.

Matumaini zaidi yako kwenye kubadilisha pete. Ukiweka laisini, asidi amino nyingine, mahali pa threonini, asidi amino ya 20 ya kalata B1, uwezo wa kutuliza kinga ya mwili unabaki. Mwaka 2016 watafiti wa Vienna na wenzao waliwapa kwa mdomo panya wenye ugonjwa unaofanana na skilerosisi anuwai, ambapo kinga ya mwili hushambulia mfumo wa fahamu, na ugonjwa ulipungua makali. Panya, sio watu. Lakini ilipitia tumboni na bado ikafanya kazi.

Kemia_A_Level

Swali la mwisho mkuu. Mkishamaliza, mnahakikishaje kwamba ya maabara ni ile ile ya mmea? Uzito si utakuwa sawa hata madaraja yakikosewa?

Mwanapeptidi

Kijana, unafikiri vizuri. Uzito utakuwa sawa kabisa, kwa hiyo uzito hautoshi.

Kwanza unachanganya ya mmea na ya maabara na kuzipitisha pamoja kwenye safu ya kromatografia, yaani bomba linalotenganisha molekuli kwa muda zinaochukua kupita. Iliyofungwa vibaya huwa inatoka kwa muda tofauti, mara nyingi mapema zaidi, kwa sababu sehemu zake zinazochukia maji hazijajipanga nje vile inavyotakiwa. Ukiona kilele kimoja tu, chembamba, umekaribia. Kisha unaipima kwa mwangwi wa sumaku wa nyuklia, NMR, unalinganisha ishara za haidrojeni za kila asidi amino, moja moja, zote 29. Daly na wenzake walifanya hivyo, na zililingana.

Nikipata nafasi nitaweka mchoro wa madaraja nilioutengeneza kwa mkono, maana kwa maneno fundo hili linachosha. Kama kuna mwalimu wa kemia hapa anayetaka kuutumia darasani, aseme nitamtumia.